Ulezi Usiopimwa kwa Debe

Tikiti maji la pembe nne ndilo lililoanza kuwajaza watu mlangoni pa duka la Urbano.

Avelina alikuwa ameliona mtandaoni asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na sita, alipokuwa akisubiri barua pepe ya mteja ifunguke. Katika duka lile la intaneti alikofanya kazi, pale Chanji mjini Sumbawanga, kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Unabofya, unakunja mikono, unatazama picha ikishuka mstari kwa mstari kama pazia. Ukishapiga miayo miwili, nusu ya picha imefika. Mwingine angesinzia. Avelina alizoea kuchungulia huku na huku wakati huo wa kusubiri, na kila alichokiona cha ajabu alikiandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Siku hiyo alisoma kwamba huko Japani wapo wakulima wanaolitia tikiti changa ndani ya sanduku, likakua na pembe nne kama tofali. Akaiandika habari hiyo kwa wino mzito kwenye karatasi nyeupe, akaibandika mlangoni, kisha akakimbilia ndani kabla mtu hajamwona.

Ndivyo alivyokuwa, binti wa haya. Chuoni Tabora, alikosomea uhazili, alipiga chapa kuwashinda wenzake wote, lakini mwalimu akimuuliza swali alijibu huku kiganja kimefunika mdomo, hata wakamwita Bi Kiganja. Kusema mbele za watu kulimtoa jasho, na Sumbawanga ni mji wa baridi ambako jasho ni mgeni. Karatasi, lakini, haina macho ya kumtazama mtu.

Kutoka ndani akawasikia.

"Pembe nne?" alisema mama mmoja mwenye beseni la maharage kichwani. "Angalau hilo ukilibeba halihitaji ngata."

"Na likianguka halibingiriki," alidakia Shedrack, kijana aliyekuwa na kibanda cha kanda za muziki, vocha na simu ya kulipia mlango wa pili. Akachungulia ndani. "Mambo, sista! Ni wewe uliyeandika?"

Avelina akaitikia kwa nyusi.

"Basi kesho tuletee lingine, profesa wa mlangoni."

Kesho yake akaleta lingine. Twiga, pamoja na urefu wake wote, ana mifupa saba tu shingoni, sawasawa na binadamu. Keshokutwa yake, kwamba asali iliyofungwa vizuri haiozi. Halafu mtu mmoja ng'ambo aliyejenga nyumba nzima ya kuhifadhia aina mbalimbali za waya wa miba. Watu wakapafanya njia. Waliotoka sokoni walisimama, waliokwenda kusaga walisimama, hata watoto wa shule walichelewa kwa ajili ya mlango ule. Wachache mno waliingia ndani.

"Wanasoma nje, wanacheka, wanaondoka," Urbano alilalamika. Alikuwa mfanyabiashara mpole mwenye tumbo la mbele, na malalamiko yake yote yaliishia katika kuguna. "Haya. Labda cheko nalo ni biashara."

Msomaji mwaminifu kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Mwimbi aliyeitwa Kalista. Kila Jumamosi alikuja mjini na lori, akashusha gunia lake la ulezi, akatandika turubai mbele ya duka na kuuza kwa debe lake lenye kovu la bati ubavuni. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, enzi za elimu ya watu wazima, na tangu hapo hakupita penye maandishi bila kuyasoma. Alisoma kwa sauti, kidole kikitangulia, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Shikamoo, bibi," Avelina alimwamkia. Kwake yeye hakuona haya, sijui kwa nini.

"Marahaba, mama. Leo dunia imesema nini?"

Siku hiyo dunia ilikuwa imesema kwamba pweza ana mioyo mitatu. Ikabidi Avelina amweleze kwanza pweza ni nini, mnyama wa baharini mwenye mikono minane, asiye na mfupa. Kalista akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mioyo mitatu. Maskini. Basi huyo akifiwa anaumia mara tatu."

Avelina akaliandika neno hilo katika daftari lake, chini ya pweza, ingawa halikutoka mtandaoni.

Mwanzoni mwa Julai Urbano aliguna kwa namna nyingine. Alisimama katikati ya kompyuta zake nne, akasema duka halijilipi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi fundi angepanda juu ya paa kung'oa dishi la intaneti, na hapo ndani ataweka bati na saruji. "Wewe utabaki, Avelina, nataka mtu wa kuandika risiti. Ila mambo yako ya pweza ndiyo basi."

Avelina aliona kwamba amebakiwa na siku chache za kuiona dunia, akaanza kuchungulia kwa pupa. Ndipo alipoingia Kijiweni. Hilo lilikuwa jukwaa la Kiswahili ambapo Watanzania wa kila pembe walibishana juu ya mpira, siasa na mapishi. Yeye alisoma tu. Hakuwahi kuandika humo hata neno moja, kama vile mtu anayesikiliza harusi ya jirani nyuma ya ua. Siku hiyo, katika kurasa za zamani, akakutana na ujumbe wa miaka miwili nyuma:

"Natafuta mama aliyenipa ulezi Mwimbi, Ufipa. Sijasahau. Ngeleja."

Chini yake wenzake walikuwa wamemcheka. Mmoja alimwambia, "Njoo soko la Kibaigwa kaka, nafaka imejaa." Mwingine aliuliza kama alipewa wa uji au wa pombe.

Avelina naye akacheka, peke yake, kiganja mdomoni. Ni lazima tumwelewe. Ufipa ulezi ni ulezi. Ndio ugali mweusi mezani, ndio uji wa mzazi, ndio togwa ya harusi. Ukimtajia Mfipa neno hilo, atatazama kama umeshika gunia. Akachukua karatasi, na kwa heshima akaliacha nje jina la mtu yule:

"MTU ANATAFUTA MAMA ALIYEMPA ULEZI MWIMBI. MIAKA IMEPITA, ANASEMA HAJASAHAU. KWELI ULEZI WA MWIMBI HAUNA MPINZANI!"

Alidhani atamfurahisha Bibi Kalista. Aliibandika Ijumaa jioni makusudi, ili Jumamosi bibi aikute.

Asubuhi watu walijaa, maana siku ya soko na mzaha hupendana. "Sema bibi!" Shedrack alimpigia kelele Kalista. "Si wewe uliyempa? Ulimtilia nini kwenye huo ulezi?"

"Alimpa debe lililojaa mpaka kileleni," alisema mama mmoja. "Siku hizi wanatupa la kupangusa."

Kalista hakucheka. Alisogea, kidole kikaanza kuvuka mto. "Ma-ma... a-li-ye-m-pa... u-le-zi..." Kidole kikafika kwenye "hajasahau" kikasimama hapo. Kikaanza tena mwanzo. Avelina, aliyekuwa amechungulia akitarajia tabasamu, akatoka mpaka kizingitini.

"Aliyeandika anaitwa nani, mama?"

"Nge... Ngeleja, bibi."

Kalista akashika mwimo wa mlango. Watu wakapunguza kicheko mmoja mmoja.

"Huo ulezi," alisema Kalista, kwa sauti ndogo, "haupimwi kwa debe, mwanangu."

Akakunja turubai, akamwachia jirani gunia lake, akaenda kusubiri lori. Debe lenye kovu lilibaki pale pale chini.

Jumapili, baada ya misa, Avelina alikaa chumbani kwake mtaa wa Milanzi na kamusi yake ya chuo. Alijua neno gani atafute, na kabla ya kulifikia alishaanza kujua atakachokikuta. Ulezi: nafaka ndogo ya rangi nyekundu. Hilo kila mtu analijua. Chini yake, lingine: ulezi, kazi ya kulea mtoto.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo aliiimba darasa la tatu. Ilipitaje kichwani mwake bila kubisha hodi? Mtu mzima alikuwa ameingia mbele ya dunia nzima kumtafuta mlezi wake, na dunia ikamwelekeza Kibaigwa. Naye, Avelina, akayachukua machozi ya mtu akayabandika mlangoni na alama ya mshangao.

Jumatatu alifika dukani mapema, akaibandua ile karatasi, akasimama mbele ya meza ya Urbano.

"Naomba ruhusa niende Mwimbi."

"Mwimbi? Kuna nini Mwimbi?"

"Nirudishe debe."

Urbano akamtazama, akalitazama debe. Katika miaka mitatu binti huyu hakuwahi kumwomba chochote. Akaguna. "Nenda. Kesho uwe hapa."

Gari dogo la mizigo lilimchukua kupitia nyika ya Ufipa, upepo wa Julai ukiyalaza majani upande mmoja na kuyasahau hivyo hivyo. Mashamba yalikuwa yamevunwa. Matuta ya duara, yale ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake ili yaoze na kulisha udongo, yalijipanga mpaka upeo wa macho. Njia nzima Avelina alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Alipofika uani kwa Kalista na kumkuta anapepeta, yote yakampotea.

"Shikamoo bibi, nimeleta debe," alisema, na machozi yakamtoka.

"Marahaba. Keti kwanza," alisema Kalista. "Debe halilii, wewe unalilia nini?"

Akamletea kigoda na uji, akangoja anywe. Kisha akamsimulia, huku mikono ikiendelea na ungo, kwa maana yapo maneno ambayo hayatoki mikono ikiwa imekaa bure.

"Mwaka sabini na tisa alipita hapa Msukuma mmoja, Ngeleja, na ng'ombe wake na mke wake. Wanatafuta malisho. Mke akajifungua hapa kijijini, siku ya tatu akafa. Mimi nilikuwa nimetoka kuzika wangu, hana hata mwezi. Maziwa bado yalikuwa yananitoka, mama. Yananitoka bila mtu. Wakaniletea yule."

Ungo ukaenda juu, ukarudi.

"Nikamwita Katuta. Nilikuwa nikienda kupalilia namlaza katikati ya matuta. Ukitazama kwa mbali unaona matuta matupu, ila moja linatikisika. Miaka mitano. Baba yake alikuwa akizunguka na ng'ombe, anakuja, anamwona, anaondoka. Mwaka themanini na nne nilikuwa shamba la mbali, navuna ulezi. Ulezi huu huu. Kurudi jioni, mtoto hayupo. Uani amefungwa mtamba."

"Alimchukua bila kukuaga?"

"Majirani walisema alinisubiri, wenzake wakamharakisha, msafara ulikuwa unaondoka kwenda Usangu. Na mtamba kwao ni heshima, ni asante. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Lakini hapa kwetu watu walisema, 'Kalista kamuuza mtoto kwa ng'ombe.' Sikumfuga yule mtamba hata siku moja. Nilimkokota mpaka parokiani nikawaachia mapadri."

Akauweka ungo chini.

"Watu hawaniumizi, watu huchoka kusema. Kinachoniuma ni yeye. Miaka ishirini na miwili najiuliza, na yeye aliambiwa hivyo? Halafu nafika mlangoni kwako nasoma, hajasahau, na jina ni la baba yake. Hajasahau nini, mama? Ulezi, au ng'ombe?"

Avelina akafungua mkoba wake. Alikuwa na daftari. Akalitoa, akatafuta ukurasa mweupe baada ya pweza na matikiti.

"Bibi, nipe maneno yako. Nitayapeleka pale pale alipoandika."

"Yatamfika?"

"Sijui. Ila yatakuwepo."

Kalista akajifunga kanga upya, akaketi wima. Barua ina adabu yake, hata ikiwa inakwenda kwenye kompyuta. Akatamka taratibu, na Avelina akaandika bila kubadili neno:

"Kwa mpendwa mwanangu Katuta. Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba sikukuuza. Nilikuwa navuna. Je, bado unaogopa bata? Ni mimi mama yako, Kalista, Mwimbi."

Kesho yake Avelina aliketi mbele ya kompyuta, akaanza kuutafuta ukurasa ule. Urbano alikuwa na desturi ya kufuta kila kitu kompyuta zinapofungwa, kwa hiyo njia aliyopita mara ya kwanza haikuwepo tena. Akaandika "ulezi Mwimbi": yakaja mapishi ya uji na taarifa za wataalamu wa kilimo. Akaandika "Ngeleja": wakaja Wangeleja wengi mno. Umeme ukakatika, ukarudi alasiri. Siku ikaisha. Jumatano asubuhi, akiwa anatembea kutoka Milanzi, akamkumbuka yule mcheshi na soko lake. Alipofika hakuvua hata sweta. Akaandika "ulezi Kibaigwa", akakunja mikono, pazia likashuka polepole, na ujumbe ukawa pale. Kejeli ya mtu ndiyo iliyomwonyesha mlango.

Kuandika, hata hivyo, kulitaka ajiunge. Jukwaa likamuuliza jina atakalojulikana nalo. Avelina akalitazama sanduku lile tupu kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusubiri picha yoyote. Watu maelfu. Wote wana macho. Vidole vikamwambia tufunge tuondoke. Akakiona kidole kingine, kikongwe, kikisimama kwenye neno "hajasahau". Akaandika: Bi Kiganja. Akaichapa barua ya Kalista yote, na chini yake akaongeza namba ya simu ya kibanda cha Shedrack, na sehemu ilipo, Chanji, Sumbawanga.

Alasiri jibu la kwanza likaja. "Dada, gunia shilingi ngapi kufikisha Dar?"

La pili: "Huyu bata naye ni wa kufugwa?"

Wiki tatu nyuma angefunga ukurasa na kwenda kulia msalani. Sasa shingo ilimpata moto, na si wa haya. Akaandika, haraka, kama anavyopiga chapa:

"Hapa hatuuzi nafaka. Kuna mama aliyemnyonyesha mtoto asiye wake kwa miaka ile ya shida, akamlea, mtoto akachukuliwa mama akiwa shambani. Hata mimi nilicheka kama ninyi, na nimekwenda kuomba radhi. Mwenye kumjua Ngeleja amwambie mama yupo. Asiyemjua anyamaze."

Halafu mtu mmoja wa Shinyanga akaandika, "Pole mama. Ninaisogeza juu ili ionekane." Mwingine akafanya hivyo, na mwingine. Hata yule wa Kibaigwa akaibuka baada ya miaka miwili: "Nisameheni. Naulizia na huku."

Lakini Ngeleja mwenyewe hakutokea. Siku zikaisha kama sabuni kwenye maji. Ijumaa ya mwisho fundi alipanda juu ya paa. Avelina aliomba dakika tano, akafungua Kijiweni mara ya mwisho, pazia likashuka mpaka chini. Hakuna. Juu ya kichwa chake akasikia spana ikigonga bati, na ukurasa ukaganda.

Jumamosi Kalista alikuja na gunia lake na debe lake. "Dunia imesema nini, mama?"

"Bado, bibi. Na dishi wameling'oa."

Kalista akatazama paa. "Barua niliyoipeleka imeng'olewa nayo?"

"Hapana. Hiyo ipo. Sisi tu ndio hatuioni."

"Basi sawa," alisema Kalista, akatandika turubai. "Hata mbegu ukishaifukia huioni."

Saruji ilipoingia, Avelina alidhani mlango utakuwa mtupu. Haukuwa. Jumatatu alikuta karatasi imechomekwa kwenye kitasa, mwandiko wa mtoto wa shule: "Babu yangu anasema kuna kijito huku kwetu ukikiita kinaitika." Kesho yake mama wa beseni la maharage akamwambia jambo la kuku wake aliyelelewa na paka. Avelina akayabandika yote. Urbano alisimama akasoma, akaguna, na baadaye akasema waliokuja kusoma habari ya kuku wamenunua bati ishirini.

Jumamosi ya tatu baada ya dishi kung'olewa, soko likiwa limechanganya, simu ya kibanda iliita. Shedrack aliipokea huku anamrudishia mteja kanda yake.

"Haloo! Ndiyo, Chanji... Ulezi? Upo kaka, tena mpya, ndio umeshushwa sasa hivi. Unataka gunia ngapi?" Akasikiliza. Mkono wake wenye kanda ukabaki hewani. "Umesemaje? ... Rudia, kaka."

Akaishusha simu, akaifunika kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sista Avelina. Njoo. Huyu jamaa anasema hataki gunia. Anasema mwambieni mama, Katuta yuko kwenye simu."

Avelina hakukumbuka baadaye aliibebaje ile simu mpaka penye turubai. Alimkuta Kalista ameinama anapima, akampokonya debe, akamwekea simu sikioni, ikawa kichwa chini, Shedrack akaigeuza.

Simu zile za zamani zilikuwa na sauti. Waliosimama karibu walisikia pumzi ya mtu upande wa pili.

"Katuta," alisema Kalista. "Sikukuuza."

"Najua, mama." Ilikuwa sauti nzito, ya mwanamume mzima, na ilikuwa inakatika. "Mzee aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Alisema mtamba ni asante, tena asante haba. Akasema, siku moja nenda wewe mwenyewe. Jina lako alilisahau, mimi nilijua 'mama' tu. Ndio maana niliandika vile. Naendesha lori, mama, niko Tunduma sasa hivi. Jana ndiyo nimeifungua barua yako."

Kalista alikuwa akiitikia kwa kichwa, kana kwamba simu inaona.

"Na bata," ile sauti ikaendelea, "bado nawaogopa."

Hapo Kalista akacheka. Lilikuwa cheko la msichana, likaruka juu ya magunia, na wauza maharage wakageuka. Kisha akaifuta simu kwa ncha ya kanga, ingawa haikulowa, akauliza alichokuwa amekitunza miaka ishirini na miwili:

"Umekula?"

Sauti ikajibu, ikataja na siku ya kufika. Shedrack akageukia kanda zake akaanza kuzipanga, zilizokuwa zimepangwa tayari. Watu walikuwa wamejaa kama siku ya tikiti, wanaulizana kuna nini, nani kafa, nani kashinda bahati nasibu. Mama wa beseni akamshika Avelina bega.

"Binti, huyo bibi anaongea na nani?"

Avelina akawatazama wote, macho kwa macho. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, imelikumbatia lile debe lenye kovu.

"Na mwanawe," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Anakuja Jumamosi ijayo."